Mswaki Ni wa Usiku

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mswaki una saa yake, na saa hiyo ni alfajiri. Mtu huamka, hupiga mswaki, hunawa uso, ndipo huketi kunywa chai. Asiyefanya hivyo huonekana mchafu, na mtoto anayenyoosha mkono kwenye kitumbua kabla ya kusukutua hurudishwa bombani kwa ukali. Usiku mambo huwa mengine. Baada ya ugali au wali, pengine na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, watu hutazama taarifa ya habari, huzungumza, hulala. Mswaki umesimama kwenye kikombe chake hadi kesho. Utaratibu huu hauna kasoro kwa jambo uliokusudiwa, yaani kuondoa harufu ya usiku ili mtu asogee karibu na wenzake bila kuona haya. Hiyo ni adabu, na adabu ni kitu chema. Lakini jino halijui adabu. Kama tungelazimika kuchagua mara moja tu kwa siku ya kupiga mswaki, afya ingetutaka tuchague usiku, kabla ya kulala. Na sehemu kubwa ya elimu ya kinywa tunayowapa wadogo na wakubwa hupotea bure kwa sababu inafundisha usafi mahali ilipopaswa kufundisha kinga.

Watu husema jino limeliwa na mdudu, na wapo wanaoapa kwamba wamemwona mdudu huyo akitolewa na mganga. Hakuna mdudu wa kuonekana kwa macho. Waliopo ni bakteria, mamia ya aina zao, wanaoishi katika kila kinywa tangu utotoni, na wengi wao hawana madhara. Wachache, hasa anayeitwa Streptococcus mutans, hujishikiza kwenye meno ndani ya ukoga, ule utando laini unaokwanguka kwa ukucha. Na kila mtu anapokula kitu chenye sukari, nao hula fungu lao na kutoa tindikali. Tindikali hiyo huanza kuyeyusha madini ya enameli, gamba gumu la nje la jino, mara pH ndani ya utando inaposhuka chini ya 5.5 hivi. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, Robert Stephan, alilipima jambo hili vinywani mwa watu: dakika chache baada ya kusukutua kwa maji ya sukari pH ilianguka, kisha ikapanda taratibu katika muda wa nusu saa hadi saa nzima. Kinachoipandisha ni mate. Mate huzimua tindikali, tena huleta kalsiamu na fosfeti za kukarabati pale palipoanza kuyeyuka. Kwa hiyo jino haliozi kwa siku moja. Hupoteza madini na kuyarudisha mara nyingi kutwa nzima, na tundu hutokea pale hasara inapozidi marejesho kwa miezi na miaka. Sasa, mtu anapolala mate hupungua mno, karibu yakauke. Mabaki ya chakula cha usiku hukaa kwenye meno saa saba au nane bila mlinzi. Ndiyo maana ya kusema kwamba mswaki wa asubuhi humkuta mwizi ameshaondoka.

Kwamba sukari ndiyo chanzo si jambo la kubishaniwa tena, ingawa ushahidi wake mmoja mkubwa ulipatikana kwa njia ya kuaibisha. Mara baada ya Vita Kuu ya Pili, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, Sweden, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna tofauti tofauti kwa miaka kadhaa ili ionekane nani ataoza meno. Hawakuulizwa ridhaa, na leo utafiti wa namna hiyo usingeruhusiwa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1954, yalionyesha kwamba waliokula sukari pamoja na mlo waliharibika meno kidogo, lakini waliopewa tofi za kunata katikati ya milo waliharibika vibaya. Wingi wa sukari ulikuwa na uzito mdogo kuliko idadi ya mara ambazo iligusa meno. Mtu anayekunywa soda moja kwa dakika tano anaanzisha shambulio moja. Anayeinyonya kidogo kidogo tangu saa nne hadi adhuhuri anaanzisha mashambulio yasiyokoma, na soda ile ile ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai. Hesabu hiyo hiyo inaihusu pipi ya mtoto darasani, ubuyu uliopikwa kwa sukari, kashata, na chai ya dereva inayomaliziwa safari nzima. Kinachoachwa kinywani kabla ya kulala ni shambulio la mwisho la siku, nalo ndilo refu kuliko yote.

Hapa huja swali la brashi yenyewe, na jibu lake huwashangaza watu. Kusugua peke yake, bila dawa yenye floraidi, hakuzuii sana meno kutoboka. Mwaka 2018 watafiti waliokusanya majaribio ya kusugua meno bila floraidi hawakuona upungufu wa kutegemewa wa matundu. Kwa upande mwingine, uchambuzi wa majaribio mengi ya dawa ya meno yenye floraidi, uliotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2003, ulionyesha kwamba kwa watoto na vijana hupunguza uozo kwa takribani asilimia 24. Sababu ni rahisi kuieleza. Brashi haiwezi kuufikia ukoga wote, hasa ulio kwenye mifereji ya magego na katikati ya jino na jino, na uliofikiwa hujijenga upya ndani ya saa chache. Floraidi hufanya kazi nyingine kabisa: ikiwapo kwenye mate na juu ya jino, huharakisha madini kurudi, na enameli inayojengwa upya ikiwa na floraidi huhimili tindikali kuliko ile ya mwanzo. Kwa ulinzi wa jino dhidi ya kutoboka, basi, brashi ni chombo cha kufikishia dawa. Dawa hiyo inataka muda wa kukaa, na muda mrefu kuliko wote kinywani ni ule wa usingizi, ambapo mate machache hayaioshi haraka.

Ndipo unaona tabia tuliyo nayo karibu sote inavyovunja kazi yetu wenyewe. Mtu husugua dakika moja, hutema, kisha hujaza maji kinywani mara tatu nne na kusukutua mpaka ladha ya dawa iishe. Ni sawa na kujipaka mafuta kisha ukaingia bafuni. Ushauri wa wataalamu sasa ni kutema povu na kuacha hapo, bila kusukutua kwa maji. Anayeshindwa kuvumilia ladha anywe maji baadaye. Kwa waliolelewa kuamini kwamba kinywa kisicho na maji si safi, ushauri huu unakera, na kero hiyo inaonyesha waziwazi kwamba tumefundishwa kusafisha, hatujafundishwa kukinga. Ikumbukwe pia kwamba si kila dawa iliyo dukani ina floraidi. Baadhi ya zile za mitishamba hazina kabisa. Kwenye boksi panapaswa kuandikwa kiasi chake, na kinachotakiwa ni sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni.

Kusema hivyo si kuidharau brashi. Kinywa kina maradhi makubwa mawili, na la pili, la fizi, huzuiliwa hasa na kusugua. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote, bila mmoja kubaki, walipata uvimbe wa fizi kati ya siku 10 na 21; waliporudi kusafisha, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi. Ni utafiti mdogo, lakini ni nadra katika tiba kuona sababu na matokeo vikijitokeza wazi namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu watu wazima wote waliopimwa fizi zao zikitoa damu, na mmoja kati ya watatu akiwa na jino lililotoboka. Karibu wote hao wangekuambia kwamba wanapiga mswaki. Fizi ikitoka damu wengi huiacha, wakidhani imeumizwa, kumbe damu ndiyo ishara kwamba mahali hapo ukoga haujaguswa siku nyingi. Dawa yake ni kupasugua kwa upole, kwa brashi laini iliyoinamishwa ielekee pale jino linapokutana na fizi, kwa mizunguko midogo, ndani na nje, kwa dakika mbili. Kusugua kwa nguvu mbele na nyuma, kama wafanyavyo wengi wenye haraka, hukwangua shingo ya jino na kurudisha fizi nyuma. Ukoga usioondolewa hugeuka mgumu, ukawa ugaga, na huo hautoki kwa brashi yoyote, unamhitaji daktari.

Pingamizi la kwanza husikika kila mahali: mababu zetu hawakuwa na dawa ya tyubu wala brashi ya dukani, na walizikwa na meno yao. Ndani yake mna ukweli. Weston Price, daktari wa meno wa Marekani aliyepita Kenya, Uganda na Kongo mwaka 1935, aliandika kwamba Wamasai na jamii nyingine zilizoishi kwa vyakula vyao vya asili walikuwa na meno machache mno yaliyooza. Price alikuwa na madai mengine mengi ambayo sayansi imeyatupa, na mtu asimsome kama msahafu, lakini hilo la uozo kuwa haba linaafikiana na mengine tunayoyajua, kwa sababu sukari ilikuwa haba. Mtu anayekula ugali, mboga na maziwa mabichi, asiyeiona sukari wiki nzima, hana haja kubwa ya floraidi. Mjukuu wake anayekunywa chai mara tatu na soda mara moja anayo. Na hata mababu wasio na sukari hawakusalimika na maradhi ya fizi. Kati ya 1970 na 1985 huyo huyo Löe aliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno na karibu hawakuwa na jino lililotoboka. Wapatao asilimia 8 fizi na mifupa inayoshika meno vililika kwa kasi hadi wakabaki na mapengo wakiwa bado watu wa makamo. Asilimia 11 tu ndio ambao ugonjwa haukuvuka uvimbe wa fizi. Anayemtaja babu aliyezikwa na meno 32 anawasahau akina babu waliotafuniwa nyama.

Tena si kweli kwamba mababu hawakuwa na mswaki. Kijiti cha mti wa Salvadora persica kimetumika tangu kale katika pwani yetu, Uarabuni na kwa wafugaji wa bara, na kwa Waislamu kukitumia ni sunna inayohimizwa kabla ya sala. Shirika la Afya Duniani, WHO, limewahi kuhimiza matumizi yake pale kinapopatikana, na tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba mtu aliyefundishwa namna ya kukitumia huondoa ukoga sawa na mwenye brashi. Udhaifu wake ni kwamba wengi hukitafuna kwa meno ya mbele, wakasahau ndani na nyuma kwenye magego, na kwamba hakibebi floraidi ya kutosha. Hakuna ugomvi kati ya hivyo viwili. Anayetumia kijiti mara tano kwa siku na brashi yenye dawa usiku amejilinda kuliko yule mwenye brashi ya umeme anayeikumbuka asubuhi tu. Jivu, mchanga na mkaa ni habari nyingine. Hung'arisha kwa kuikwangua enameli, na enameli ikishakwanguliwa haioti tena.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na katika nchi zetu lina haki ya kusikilizwa kwa makini: floraidi hiyo hiyo imewaharibu watu. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Nakuru na Naivasha hadi Arusha, maji ya visima na chemchemi nyingi yana floraidi inayopita mbali kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtu wa huko hutambulika akicheka, kwa meno yenye madoa ya kahawia, na katika maeneo kama Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, wapo watoto waliopinda miguu. Magadi ya kupikia huongeza kiasi hicho. Je, ni busara kuwaambia watu hawa waongeze floraidi? Historia ya jambo lenyewe inasaidia kujibu. Mwaka 1901 Frederick McKay, daktari wa meno aliyekuwa amehamia mji wa Colorado Springs nchini Marekani, aliwakuta wenyeji wana madoa kama hayo hayo, na kadiri alivyoyachunguza akagundua kwamba meno yale yaliyopoteza uzuri hayakuoza kirahisi. Ilichukua hadi mwaka 1931 kujulikana kwamba chanzo ni floraidi ya majini, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ukawa wa kwanza kuitia katika maji kwa kipimo kidogo. Madoa hutokea jino linapojengwa ndani ya taya, katika miaka minane hivi ya mwanzo, kwa floraidi iliyomezwa. Kinga hutokea juu ya jino lililokwisha kuota, kwa floraidi iliyogusa na kutemwa. Kwa hiyo katika maeneo yenye maji mabaya la kufanya kwanza ni kumtafutia mtoto mdogo maji mengine ya kunywa na kupikia, ya mvua kwa mfano, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto huko Arusha. Kuchemsha hakusaidii, maana maji hupungua na floraidi hubaki. Dawa ya meno huwekwa kidogo na kutemwa. Mtu mzima ambaye meno yake yamekwisha kuota hana cha kuogopa katika kiasi kinachokaa kwenye brashi.

Kiasi hicho, kwa kweli, ni kidogo kuliko matangazo yanavyotuonyesha. Picha ya dawa iliyojikunja juu ya brashi nzima kutoka ncha hadi ncha inauza tyubu nyingi, haina faida nyingine. Mtoto tangu jino la kwanza linapotokeza, kwenye miezi sita hivi, apakwe kiasi cha punje ya mchele. Afikapo miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere. Mtu mzima naye njegere moja yamtosha, akizidisha si sana. Kwa hesabu hiyo tyubu moja huhudumia nyumba nzima kwa muda mrefu, na lile pingamizi la gharama, ambalo kwa kaya maskini si la kubezwa, hupungua uzito. Mwaka 2021 WHO iliingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa maana hiyo si kipodozi, na serikali ina sababu ya kuifikiria kodi inayotozwa bidhaa hii kama inavyofikiria ile ya dawa za malaria.

Wanaopuuzwa kuliko wote ni watoto wa chini ya miaka sita, kwa hoja kwamba meno ya utoto yataanguka tu. Yataanguka, naam, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka kumi au kumi na miwili, na mtoto mwenye jipu la jino halali, hali, na darasani hasikii. Jino la utoto linalong'olewa mapema huacha nafasi inayovamiwa na jirani zake, na lile la ukubwani huota kombo. Gego la kwanza la kudumu huota kwenye umri wa miaka sita nyuma ya yale ya utoto, bila jino lolote kutoka, hivi kwamba wazazi wengi hudhani nalo ni la kuanguka na kuliacha lioze. Mtoto hawezi kusugua vizuri mpaka afikie miaka saba au minane. Kumpa brashi na kumwambia "nenda kapige mswaki" ni kumwachia kazi asiyoiweza. Chupa ya maziwa yenye sukari, au chai, anayolala nayo mdomoni huyaozesha meno ya mbele kabla hajatimiza miaka mitatu. Na kutokujua habari za meno ya utoto kumezaa ukatili ambao haujaisha katika baadhi ya sehemu za Tanzania, Uganda na nchi jirani: kichanga akiwa na homa au akiharisha, huambiwa ana meno ya plastiki, na mganga humchimbua fizi kwa chombo kisicho safi akatoa vijino vyeupe laini. Vijino hivyo ni mbegu za meno yake mwenyewe. Mtoto huweza kufa kwa damu au kwa maambukizi, na kuharisha kwake, kulikohitaji maji ya chumvichumvi, hubaki bila tiba.

Kwa watu wazima orodha ni fupi zaidi. Mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi kutokana na homoni, asiache kusugua. Na akitapika asukutue kwanza kwa maji, asubiri nusu saa ndipo apige mswaki, kwa sababu enameli iliyolowa tindikali hukwanguka upesi. Mwenye kisukari huugua fizi zaidi, na fizi mbovu nazo hufanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibitiwa. Wazee ndio ambao elimu huwasahau: dawa nyingi za shinikizo la damu hukausha mate, fizi zikirudi nyuma mizizi ya meno hubaki wazi, na mzizi hauna enameli. Mzee asiyepata tundu kwa miaka thelathini aweza kupata matatu kwa mwaka mmoja. Mwenye meno ya bandia ayavue usiku na kuyasafisha, kinywa kipumzike.

Linabaki pingamizi ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote, na linatoka kwa wataalamu wenyewe. Wanasema kampeni za mswaki humtupia lawama mtu binafsi na kuwaacha huru wanaouza sukari mlangoni mwa shule. WHO ilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa; idadi ya namna hiyo haiwezi kuwa matokeo ya uvivu wa mtu mmoja mmoja. Wanaongeza kwamba mihadhara haifui dafu: mapitio ya Kay na Locker ya mwaka 1996 yalikuta kwamba elimu ya afya ya meno huongeza maarifa, hupunguza ukoga kwa muda mfupi, na haionekani kupunguza uozo. Yote mawili nayakubali. Hakuna brashi itakayomwokoa mtoto ambaye duka la shule linamuuzia pipi kila mapumziko, na anayetaka meno mazima kwa taifa aanzie hapo. Lakini mapitio hayo yanaihukumu aina moja ya elimu, ile ya mgeni anayekuja na jino kubwa la plastiki, kusimama mbele ya gwaride, kuonyesha namna ya kusugua, na kuondoka. Hayaihukumu mazoea. Huko Scotland, mapema katika miaka ya 2000, walianza kuwasimamia watoto wa chekechea wapige mswaki kila siku kwa dawa yenye floraidi, darasani, pamoja. Mwaka 2003 watoto 45 kati ya 100 wanaoingia darasa la kwanza ndio waliokuwa hawana dalili ya uozo. Mwaka 2018 walikuwa 71. Si mswaki peke yake uliofanya hayo, kwa maana mpango ule uliwafikia pia wazazi na kliniki, ila haikuwa sukari iliyotoweka Scotland. Ufilipino nayo imeingiza kunawa mikono na mswaki wa pamoja katika ratiba ya shule za msingi za umma, katika mazingira ya umaskini na msongamano yanayofanana na yetu kuliko ya Scotland.

Atakayesema shule zetu hazina maji ameshajibiwa na ule ushauri wa kutosukutua. Mtoto anahitaji brashi yenye jina lake, inayokaushwa kichwa kikiwa juu bila kugusana na nyingine, dawa ya punje ya njegere, mahali pa kutemea, na maji ya kikombe kimoja kwa darasa kusuuza brashi. Mwalimu anahitaji saa ya kuhesabu dakika mbili baada ya uji. Mswaki wa shule ni wa mchana, na kwa mtoto ambaye nyumbani hamna brashi wala dawa ndio pekee atakaoupata. Kwa mwenye navyo, kazi yake ni kumzoeza ladha na mkono, na kumpelekea mama yake ujumbe mmoja tu ulioandikwa kwenye daftari: usiku, baada ya chakula cha mwisho, mpige mswaki wewe mwenyewe, ateme, na baada ya hapo asipewe kitu kingine isipokuwa maji.